Kifuniko cha Tatu

Mpendwa mshauri wetu wa redioni, Bi Esteria, shikamoo. Naomba msaada kwa jambo ambalo hata mke wangu sijamwambia. Mimi ni Hezekia, mkulima wa kabichi huku Magamba, na wauzaji wa sokoni Lushoto walinikabidhi mijakaranda minne inayowapa kivuli, maana ilivamiwa na vidudu vya magamba, vile vinavyong'ang'ania tawi kama vipele, nami nikapuliza dawa yangu ya kabichi, kifuniko kimoja cha chupa kwa bomba, havikufa, nikatia viwili, havikufa, nikaenda duka jingine nikanunua chupa nyingine, nikatia vitatu, vikazidi, na mti mmoja umekauka kabisa, lakini kinachoninyima raha si mti, ni Mama Mwanaisha anayeuza pea chini yake, kwani napuliza alfajiri kabla hawajafika na dawa hudondoka mezani kwake asubuhi yote, na sasa analalamika kuumwa kichwa na macho, na jana mjukuu wake Latifa alikula pea bila kuosha akatapika, halafu mama huyo huyo akaniletea bakuli la makande akasema, “Kula, mgosi, umehangaika na kivuli chetu,” nikala, mshauri, nikala nikanyamaza. Nikisema watanifukuza. Nifanyeje?

Marahaba, Hezekia. Barua yako imenifikia asubuhi hii na sikusubiri zamu yake. Pole, lakini pole yangu ni fupi. Ulibadilisha chupa, hukubadilisha dawa: jina jipya, sumu ile ile, ambayo vidudu vimeshaizoea. Vifuniko vyako vimewaua wale wadudu wekundu wenye madoa meusi waliokuwa wakivila, na sasa umefika kwa watu. Unaogopa kufukuzwa? Mtoto ametapika, baba!

Bomba liweke chini. Mti uliokauka ukatwe. Kwenye ile mitatu, kwangua magamba kwa ukucha. Yakitoa maji, vidudu vingali hai. Matawi yaliyojaa yakate uyachome, shina lisugue kwa brashi na maji ya sabuni, kisha ufunge kitambaa chenye grisi ili sisimizi wasipande kuvilinda vidudu. Ikibidi dawa, bwana shamba achague ya aina nyingine, vitoto vikiwa havijaota gamba na meza zikiwa zimeondolewa.

Hayo ni ya kesho. Leo nenda sokoni, umwambie Mama Mwanaisha mbele ya wenzake, pea zile zisiuzwe, kisha mwende na Latifa zahanati, chupa ukiwa nayo, daktari asome jina la dawa. Miti inaweza isipone, na huyo mama huenda asikusalimie tena. Nenda hivyo hivyo. Zima redio.