Dorca Asipelekwe Otonglo

Baba Dorca,

Kabla hakujapambazuka nilisikia komeo la mlango likisogea polepole. Nikadhani ni jajuok, wale watu wa kukimbia usiku, anatujaribu. Nikatoka na mwiko mkononi! Kumbe ni Dorca wetu. Nilimkuta anarudi kutoka choo cha mwisho wa laini yetu ya nyumba, peke yake, bila tochi.

Kwa hivyo usimpeleke kwa nyanya yake Otonglo. Jana ulisema mtoto wa miaka sita akiona filamu za kutisha siku nzima atakojoa kitandani. Alikusikia. Sasa amejipima mwenyewe, na atakaa hapa leo aone filamu na watoto wengine wa laini.

Kanda za filamu alizotuazima jirani Salim nimezipanga juu ya televisheni. Anza na ile ya mbwa mzimu, inachekesha kuliko kutisha. Halafu ile ya nyumba ya msituni. Ya makaburi ~~usiwaonyeshe kabisa~~ weka saa nane, jua likiwa kali, na mlango ubaki wazi.

Nyoyo, yale mahindi na maharagwe, iko kwenye sufuria kubwa, inatosha wote. Na wewe, Bwana, usijifunike uso na gazeti kwa woga kama ulivyofanya Krismasi. Watoto wanakuona.

Mimi niko kwa mtihani wa masomo ya jioni. Nitapita, usijali. Saa kumi nitakuwa nyumbani.

Mama Dorca

Nimesahau hili: nilimuuliza kama hakuogopa kule gizani. Akanawa mikono kwanza, ndipo akaniambia, “Niliogopa sana, lakini nilifika.”