Bibi Harusi Anauma

Mafiga, Morogoro
9 Juni 2024

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Huku hatujambo, ila mimi roho yangu haijatulia tangu nirudi. Vipi sukari? Dawa unameza, au unazihifadhi kama mbegu? Naandika kwa sababu simu husikii tena, unaitikia tu "eeh, eeh" hata nikikwambia nyumba inaungua. Barua anakuletea jirani yako Happiness akirudi na gari la mboga.

Baba, nimeiona mikono yako. Ulipokuwa unang'oa majani kaburini kwa mama ulikunja koti ukasahau kuificha. Alama za meno toka vidoleni hadi kiwiko, nyingine mbichi. Nikadhani mbwa. Kumbe ni yule sungura wa mama, Bibi Harusi. Mama alikuwa anatia mkono bandani anamtoa kama anatoa nguo sandukuni. Sasa mama hayupo, anauma kila mtu. Kamng'ata mtoto wa jirani, kamng'ata hadi mjomba Kasiani. Na wewe una sukari, kidonda chako hakiponi kama cha watu wengine.

Naomba achinjwe, au umgawe. Usikasirike.

Mwanao,
Catherine


Nyandira, Mgeta
16 Juni 2024

Mwanangu Catherine,

Marahaba, mama. Mimi ni mzima. Baridi imeanza kutukumbuka, karoti zimekubali. Dawa nameza.

Kumgawa Bibi Harusi haiwezekani. Nani atampokea? Sifa zake zimefika hadi parokiani. Na kumchinja simchinji. Wewe fikiri, mama yako kaniachia nini hapa? Nyumba ni ya ukoo wake, shamba ni la ukoo wake. Kwa mila za huku mimi ni mkwe tu, akina shemeji Kasiani wakisema kesho nirudi kwetu Gairo nitafunga mzigo. Nguo zake waligawana siku ya kumaliza matanga. Kikombe chake alichukua dada yake. Sungura hakuna aliyemtaka kwa sababu anauma. Ndiyo maana ninaye.

Halafu usimsingizie, si kichaa. Nikifungua banda anapiga mguu chini, ananguruma, ananipa nafasi ya kuondoka. Mimi ndiye siondoki. Juzi nilizungushia mkono kanga ya mama yako, ile ya zambarau niliyoificha wasiigawe, nikidhani harufu itamtuliza. Akanusa, akanusa, akatulia. Halafu akaniuma kupitia kanga. Alijua si yeye.

Wasalimie wajukuu.

Baba yako


Mafiga
30 Juni 2024

Baba yangu,

Shikamoo. Wajukuu wanakusalimu, mdogo ameota jino.

Nilicheka uliposema sifa zimefika parokiani, nikafika kwenye kanga nikalia. Najua unavyomkumbuka. Lakini baba, huyo ni sungura. Mama tulimzika Februari.

Nakutumia glavu za ngozi, zile za mafundi wa kuchomelea. Zivae kabla hujampa majani. Na Happiness ananiambia kidole chako cha pete kimevimba na umekifunga kitambaa. Nenda zahanati. Usingoje mpaka nije nikubebe, nakuomba.

Mwanao,
Catherine


Mafiga
25 Agosti 2024

Baba,

Shikamoo. Happiness anasema umefika salama na umekula. Namshukuru Mungu, na yeye namshukuru. Kama si yeye kukulaza juu ya matenga ya kabichi akakuleta mjini, mimi leo ningekuwa naandika barua kwa nani? Homa ilikupanda hata jina langu hulijui, uliniita Regina, jina la mama, siku mbili.

Ulipokuwa kwangu tulizungumza kila kitu isipokuwa hiki, maana kila nikianza ulijifanya husikii. Basi nakiandika. Kidole kimekatwa. Daktari kaniita pembeni, akasema wakati ujao itakuwa mkono, na kwa umri wako huenda isifike kuwa mkono. Nilikwambia hukusikia. Sasa umesoma.

Glavu nilizikuta chini kabisa ya begi lako, safi.

Amua wewe, baba, mwezi huu usiishe. La sivyo nitaamua mimi.

Mwanao,
Catherine


Nyandira
1 Septemba 2024

Mwanangu Catherine,

Marahaba. Jeraha limekauka. Pete nimehamishia mkono wa kulia, inabana kidogo lakini inakaa.

Glavu nilizivaa mara moja. Aliuma ngozi ile, mimi sikusikia kitu. Nikazivua.

Nikwambie, ingawa ni aibu mzee kumwambia mtoto. Mimi na mama yako ndoa yetu ilikuwa ya kulalamikiana. Naamka nalalamika chai, yeye analalamika buti zangu. Watu walidhani tunagombana. Sasa kila asubuhi nikiumwa na yule mnyama naita, "Regina, mtoto wako kaniuma tena," natoka bandani nalalamika njia nzima hadi jikoni, nawasha moto bado nalalamika. Namwambia mimi nilikataa sungura toka mwanzo. Nikimaliza, siku imeanza. Siku nzima sina mazungumzo mengine, Catherine.

Najua nitakufa. Ningekufa hata kwa kuteleza kwenye matuta ya karoti. Jambo hili usiamue wewe. Sijawahi kukuomba kitu, nakuomba hiki.

Baba yako


Nyandira
22 Septemba 2024

Catherine,

Hatujambo.

Jumapili iliyopita nilitoka misa ya kwanza nikakaa kidogo kaburini. Nilipofika nyumbani nikamkuta Kasiani ananisubiri na bakuli limefunikwa sahani. Akasema, "Shemeji, leo tumechinja. Hili fungu la mwenye nyumba." Unajua ilivyo huku, mtu hachinji uani kwa mwenzake akaondoka bila kumtengea fungu lake. Ni mara ya kwanza ukoo wa mama yako kuniita mwenye nyumba. Nilifurahi, nisikudanganye. Nilidhani kuku. Nikala na ugali, nikasifu, nikaomba mchuzi zaidi. Kasiani alikuwa ananitazama kwa huruma, na mimi nikadhani ni huruma ya kidole.

Nikachukua majani nimpelekee Bibi Harusi. Banda lilikuwa wazi na limefagiliwa.

Kasiani si mtu mbaya. Alishtuka kuniona nimerudi na majani mkononi. Akasema, "Catherine alinipigia simu analia, akasema umekubali ila huwezi kusimama uone kisu. Ndiyo nikafanya ukiwa kanisani." Simlaumu. Ameagizwa na mtoto wa dada yake, akafanya kwa heshima zote.

Nilikwenda nyuma ya nyumba nikajitia kidole kooni. Haikutoka.

Baba yako


Mafiga
29 Septemba 2024

Baba yangu,

Shikamoo. Nimeandika hii nikachana, nikaandika tena.

Ni kweli nilimwambia mjomba umekubali. Niliogopa. Nimezika mmoja mwaka huu, sikuwa na nguvu ya kuzika wa pili. Ile barua yako niliisoma jikoni nimesimama, nikaona tu maneno "najua nitakufa", mengine sikuyaona. Nilidhani ukikuta banda tupu utakasirika wiki moja, utanisema, basi. Fungu la mwenye nyumba halikunijia akilini. Nimekaa mjini hadi nimesahau kwamba mjomba hawezi kuchinja kwako akanyamaza. Ningemwambia amzike tu angenielewa. Sikumwambia.

Nisamehe baba. Nikaripie, nitukane, ila usinyamaze.

Happiness anakuletea tenga, fungua taratibu. Nimempata Mazimbu kwa mama mmoja anayefuga. Ni jike, mweupe vilevile. Wanangu wamemshika, wamemvuta hadi masikio, hafanyi kitu. Huyu hatakudhuru.

Mwanao,
Catherine


Mafiga
27 Oktoba 2024

Baba,

Shikamoo. Happiness anasema barua anakupa mkononi na unazisoma. Anasema unamwambia, "Hakuna jibu, mama."

Andika hata mstari mmoja.

Mwanao,
Catherine


Nyandira
24 Novemba 2024

Catherine,

Mkono umepona. Makovu tu, Happiness ameuona, atakwambia. Sukari imeshuka, muuguzi wa zahanati amenisifu.

Sungura wako nilimpokea. Ni mzuri, anakula, banda halichafui. Kila asubuhi nafungua, natia mkono. Ananilamba. Nauacha mkono humo hadi majani yote yaishe, ananilamba tu. Halafu nakwenda jikoni nimenyamaza. Sina la kumwambia Regina.

Nikivuna njegere narudi Gairo. Hakuna aliyenifukuza, Kasiani amenisihi nibaki. Nimemwambia nyumba ni yao, mimi nilikuwa nimeshikilia tu. Kule sidhani kama kuna anayenijua, na barua hazina wa kuzileta, kwa hiyo usijisumbue. Kanga ya zambarau nimempa Happiness akuletee. Ina matundu, usiyashone.

Mwambie amchukue na sungura safari ijayo. Watoto wako watampenda.

Ulitaka niwe mzima. Basi mimi ni mzima.

Andrea