Kiti cha Bibi Mandewa

Mjukuu wangu Elia,

Hapa Mvumi hatujambo. Bibi yako amepona mguu, na mtama umekubali. Umeniuliza nani akae mbele siku skauti wenu watakapoadhimisha miaka yao.

Enzi za Mjerumani, kikundi chetu cha vijana wa misheni kilipotimiza mwaka, tulimwalika mkuu wa boma. Kiti kilikuwa kimoja tu. Kiongozi wetu, Ndahani, akamkalisha Bibi Mandewa, mjane aliyetufundisha kutafuta maji mchangani.

“Utachapwa!” nilimnong'oneza.

“Nichapwe. Leo ni siku yake.”

Mzungu alifika, akamtazama bibi, kisha akasimama juani mpaka mwisho. Nilipiga ngoma. Hadi leo sijaona moyo kama wa Ndahani.

Wasalimie wenzako.

Babu yako, Mika