Pumzi ya Mama

Orofa ya Tatu, Mlango wa Kijani,
Nyuma ya Kiwanda cha Magodoro.
8 Juni

Mpendwa mdogo wangu Mrefu,

Hujambo huko uliko? Yale mafua uliyoyalalamikia yameisha, au bado unatembea kifua wazi kama kijana wa miaka kumi na minane? Sisi huku tu wazima, ila goti la shemeji yako linamkumbusha umri kila anapoinama chini ya masinki ya watu. Binti yangu amefaulu mtihani, na sasa ndani ya nyumba hatupumui kwa maneno ya kisomi.

Mrefu, nimekuficha jambo na limenikaa kooni. Tangu baba atutoke, kila ulipopiga simu nilikuambia mama amelala. Mwishowe ukaniuliza kama amekukasirikia kwa kutofika mazikoni. Hakuwa amelala, mdogo wangu. Alikuwa ameketi hapo hapo kando yangu, akinitikisia kidole nisimpe simu. Alikuwa akisema maneno matatu tu pumzi inakatika, na hakutaka umsikie hivyo nawe uko peke yako ugenini. Nilimtii yeye, nikakuumiza wewe. Nisamehe.

Unajua mapafu yake yaliharibika kiwandani, miaka ishirini na sita ya kushindilia pamba kwenye magodoro. Usichokijua ni jinsi nilivyomuuguza. Nilimnyang'anya ufagio. Chai nilimpelekea kitandani, ngazi nikampiga marufuku, kuoga nikamwogesha kama mtoto mchanga. Nilidhani pumzi ni kitu cha kuwekewa akiba. Naye akazidi kunyong'onyea, hata kuchana nywele kukamshinda.

Mwezi wa pili mwaka huu daktari alitutuma kwa mtaalamu wa mazoezi pale hospitali, dada mmoja mfupi mwenye sauti kubwa. Mama anamwita Kocha. Alimpa kifaa chenye mshale, akamwambia avute hewa kwa nguvu zake zote. Mshale ukasogea kidogo, ukagoma. Kocha akaniuliza nani anamfanyia kazi nyumbani, nami nikajibu kwa maringo kwamba ni mimi, mama hagusi kitu.

"Dada," akasema, "unamtunza mpaka unamdhoofisha."

Akatueleza kwamba chini ya mapafu kuna msuli unaovuta hewa. Kwa mama, hewa inanasa ndani, mapafu yanavimba na kuusukuma ule msuli chini, basi unafanya kazi ya punda huku umebanwa. Mapafu hayatarudi kuwa mapya, hakutudanganya. Lakini msuli ni msuli, ukizoeshwa kazi kwa kipimo unaweza kupata nguvu, na miguu vilevile. Nilitoka nikasimama kwenye korido nikalia. Wema wangu wote ule, kumbe!

Mama yeye alicheka. "Nimejaza magodoro," akasema, akatulia kuvuta hewa, "sasa mnataka... niyalalie tu?"

Tangu hapo, asubuhi na jioni, anabana pua kwa kibanio na kuvuta hewa mara thelathini kwenye kifaa kinachombania hewa kusudi, ili msuli upate kazi. Anakitukana kwa matusi ambayo sikujua mama yetu anayajua. Kisha tunashuka ngazi, mimi nyuma yake na mikono mfukoni, maana Kocha amenikataza kumshika ovyo. Mikono inaniwasha, Mrefu. Wiki za mwanzo hatukuona kitu. Halafu akapata homa ya kifua, na yote tuliyojenga yakaporomoka. Tukaanza upya, haba na haba. Jana alifika mpaka dukani, akagombana na mwenye duka juu ya nyanya zilizobonyea, na akashinda.

Kile kiti cha magurudumu ulichotaka kumnunulia, kiache kwanza.

Kilichonifanya nishike kalamu ni hiki. Jumapili ya mwisho ya mwezi huu, alasiri, mama atakupigia. Anajizoeza kwa kunisomea gazeti, hata matangazo ya vifo anayamaliza. Akinyamaza katikati ya neno, usipige kelele za "haloo, haloo", usimmalizie, wala usimwambie apumzike. Najua mdomo wako hauna breki, lakini siku hiyo subiri. Atakuwa anavuta hewa, na ataendelea.

Shemeji yako anakusalimu, na binti yangu anasema mjomba asisahau picha alizoahidi. Mama mdogo naye anauliza utaoa lini, mimi simo. Mungu akulinde uendako na urudipo, akufungulie yaliyofungika.

Mama ameniona natafuta bahasha, ameniamuru niongeze haya. Ameyasema bila kutua hata mara moja: "Mwambie sikumkasirikia hata siku moja, mimi ni mama yake."

Wako akupendaye daima,
Dada yako