Somo la Alhamisi

Dada yangu,

Sisi tupo, tumefungiwa kama kuku bandani tangu mto ubebe daraja. Mwambie mama lile gauni alilonishonea limenienea.

Kazi yangu ya afya mtaani haijasimama. Kliniki imebaki ng'ambo, basi mizani ya watoto naining'iniza mlangoni kwangu na sebule ndiyo darasa. Watu wanaingia hata hodi hawapigi!

Alhamisi niliwafundisha wanawake kujipima matiti. Lile titi la plastiki la kufundishia nalo liko ng'ambo. Nikasema potelea mbali, nikafungua vifungo, nikawaonyesha kwa langu. Walicheka mpaka machozi. Nilipofika karibu na kwapa, vidole vikasimama.

"Mbona umenyamaza, nesi?"

Nikajibu nimesahau nilipofikia. Kisha nikamalizia kama siku zote: ukikuta uvimbe usikae nao, nenda hospitali siku hiyohiyo.

"Sawa, nesi!" wakaitikia.

Paa la hospitali naliona dirishani, ng'ambo ya maji. Mafundi wa daraja wanasema miezi mitatu. Barua hii nayo itasubiri daraja pamoja nami. Ikifika, mama msomee ya gauni tu.

Mdogo wako