Sahani ya Baba Nyuma ya Mlango wa Jiko

Mpendwa Mama,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umekaa mlangoni unaota jua, na lile goti limetulia. Bado linakusumbua ukienda shambani Mollo? Na ukuta wa jiko je, mjomba Kasto ameshaukandika, au anasubiri matope yaje yenyewe? Mimi ni mzima wa mwili. Hayo mengine ndiyo yamenifanya niandike, maana kwenye simu nikisikia sauti yako najikaza, nasema niko salama, tunaishia kuulizana habari za mvua.

Huku Mtwara joto halipoi hata alfajiri. Lile blanketi zito ulilotupa siku ya harusi liko sandukuni. Marehemu mke wangu Roza alikuwa akilitoa na kulianika, anasema linanukia moshi wa jikoni kwako. Tangu tumzike sijalianika.

Mama, goti lilikuzuia kuja msibani, kwa hiyo kuna jambo hukuliona. Mchungaji aliyepangwa kuongoza ibada ya mazishi gari lilimharibikia njiani. Watu wamejaa, jua linapanda, wazee wa kanisa wananitazama. Nikavaa joho, nikamzika mke wangu mwenyewe. Nilisoma, nikahubiri, nikawafariji waliokuwa wanalia. Watu walisema mchungaji ana imani kubwa. Jumapili iliyofuata nikapanda madhabahuni kama kawaida.

Toka hapo nimekuwa mkavu. Nikifungua Biblia nina kalamu mkononi, natafuta la kuwaambia watu, silioni la kwangu. Wiki mbili zilizopita nilikwenda kumwombea mama aliyefiwa na mwanawe. Maneno yalitoka vizuri, yule mama akashukuru, nami nilikuwa nawaza kama nimefunga dirisha la nyumbani. Niliporudi niliamua kwamba mwezi ukiisha nitamwambia mkuu wa jimbo naacha huduma, atafute mwingine.

Jioni hiyo nilikuwa nakumbuka sana nyumbani. Nilikumbuka Jumapili, wageni wamejaa sebuleni, marehemu Baba anawagawia mboga mpaka sahani yake imebaki ugali mtupu wa ulezi, naye anacheka tu. Na wewe Mama, kabla hujapeleka chakula mezani, ulikuwa umeshamfunikia yake nyuma ya mlango wa jiko. Wageni wakiondoka unamwita, "Baba Elia, njoo uone paka amefanya nini huku." Anakuja, anaketi kwenye kigoda, anakula kimya. Sisi watoto tulikatazwa kumsogelea.

Nikakumbuka pia Jumatatu zake. Anaacha joho la uchungaji, anakwenda na mjomba kuinua matuta, kufukia majani ndani ya udongo yaozee humo, ulezi wa mwaka unaofuata uyakute. Akianza kueleza jambo kwa sauti ya mimbarini, mjomba anamkatiza, "Shemeji, hapa hakuna waumini, lima." Wakikaa kula viazi, mjomba na rozari yake shingoni ndiye anayeomba, na Baba anafumba macho kama mtoto. Kisha anatoa Biblia mfukoni, anasoma kidogo, anaifunga, anatazama milima. Nilikuwa nadhani anapumzisha mgongo.

Basi Jumatatu iliyopita Mama Tabu alibisha hodi. Ni kiongozi wa wanawake wa kanisa letu, anauza samaki wakavu sokoni, hana maneno mengi. Alikuja na wenzake wamebeba vyungu na mkeka.

"Mchungaji, umekula nini leo?"

"Nimekula, mama, asante."

"Nimekuuliza nini?"

Akaingia jikoni, akashika mafiga, akatoka. "Yamepoa. Hapa hapajawashwa moto leo wala jana," akasema. "Sikiliza, baba. Siku ya msiba tulikosea. Mfiwa tulimgeuza mhudumu, tukaja kula matanga yake yeye akiwa amesimama. Leo tumekuja kuketi na wewe."

Wakatandika mkeka sebuleni, wakanikalisha ukutani kama wanavyokaa wafiwa. Wakaimba polepole, bila kinanda. Mmoja akaanza kusimulia jinsi Roza alivyomfundisha kusuka makapu yakamshinda, wakacheka. Mimi nikaona ni wakati wa kufunga, nikasimama. "Basi na tuombe..."

"Keti," akasema Mama Tabu. "Hukuombwa."

Nikaketi. Aliomba yeye. Hakuomba kwa ajili ya huduma yangu wala kanisa. Aliomba kwa ajili ya Elia aliyefiwa na mke. Mama, ndipo nikalia, mara ya kwanza tangu tuliporudi kutoka makaburini. Hawakunikataza. Waliendelea kuimba mpaka nikanyamaza mwenyewe, kisha wakanipa chakula, wakasimama pale wakihakikisha sigawi.

Nimekwenda kwa mkuu wa jimbo, lakini badala ya kuaga nimeomba likizo. Amekubali, na mchungaji mstaafu wa hapa jirani atashika ibada zangu. Wazee wamepatana nami kwamba nikirudi, Jumatatu itakuwa yangu, hakuna kuitwa. Sijapona kabisa, ila asubuhi hii nilisoma Zaburi bila kalamu, nikafika mwisho.

Nisalimie mjomba Kasto, mwambie aniachie matuta ya kuinua, nami sitamhubiria. Dada Yustina na biashara yake ya maharage, asinicheke nikivaa sweta mbili kwa baridi ya huko. Msalimie na jirani yetu anayekuletea maziwa.

Nakuja kabla mvua hazijaisha. Najua wazee wa kanisa la hapo wataanza kukuuliza kama nitapanda mimbarini Jumapili. Waambie nitakaa benchi la nyuma. Waambie mwanao anakuja kula. Nawe nifunikie sahani, pale pale.

Ni mimi mwanao,
Elia