Mhuri wa Siku ya Pili

4 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta salama na mguu umepungua kuvimba. Mimi mwili mzima, moyo ndio sina.

Jumanne, dakika kumi kabla hatujafunga masijala ya mahakama, alikuja bibi mmoja mfua nguo na karatasi za rufaa. Anapinga ndugu za baba wa mtoto kupewa mjukuu wake, binti wa miaka minne aliyemlea tangu kuzaliwa. Kisheria ilikuwa siku yake ya mwisho ya kukata rufaa. Nikazipokea, nikamwambia, "Nenda tu bibi, zimeshafika." Sikugonga mhuri. Nilikuwa nachelewa mazoezi ya kwaya.

Asubuhi yake daftari la Jumanne lilikuwa limeshafungwa. Niliogopa kumwuliza karani mkuu, nikagonga tarehe ya Jumatano. Sasa inaonekana bibi alichelewa.

Lakini nilikwenda kumwimbia Mungu, mama, sikwenda kulewa. Niombee.

Mwanao

12 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Hatujambo. Mguu unauma kama kawaida yake, hata Jumapili haupumziki.

Barua yako nimeisoma mara mbili, cherehani nimeisimamisha. Kukuombea nimekuombea. Sasa inuka uende kwa karani mkuu, umweleze ulivyonieleza mimi, hayo ya kwaya uyaache. Mungu hakukutuma ukaimbe na karatasi ya mtu iko mezani.

Mama yako

3 Aprili

Mama mpendwa,

Shikamoo. U hali gani, na majirani wote?

Bado sijasema. Usikasirike. Nimefunga siku tatu, tena nimekubali kufundisha watoto kanisani kila Jumapili. Mwezi ujao natarajia kuthibitishwa kazini. Nikisema sasa, basi tena, na dawa zako atanunua nani? Huenda hakimu mwenyewe akamwonea huruma.

Bibi alipita juzi. "Karani wangu, Mungu akubariki," akaniambia dirishani. Nikainamia faili.

Mwanao

10 Aprili

Mwanangu,

Wewe kufunga! Wewe ambaye ukikosa chai ya saa nne unatafuta ukuta wa kuegemea!

Umeimba, umefunga, utafundisha. Umempa Mungu kila kitu isipokuwa kile kimoja anachokudai. Na dawa zangu zitoe humo. Mimi si pazia la kujifichia.

Usiniandikie mpaka uwe umesema. Nitaumia, lakini usiniandikie.

Mama yako

27 Juni

Mama,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Nakuandikia kwa sababu nimesema.

Mwezi Mei nilithibitishwa kazini. Nikapiga magoti nikashukuru, nikijua Mungu amenielewa. Wiki iliyofuata rufaa ikatupwa kwa kuchelewa. Mtoto alikabidhiwa kwa ndugu palepale koridoni, mbele ya dirisha langu. Alishika vyuma vya dirisha akanitazama, kama vile mimi ndiye mwenye funguo.

Siku ile niliimaliza kazini, mama. Niligonga mihuri kumi na saba, yote sawasawa.

Kesho yake nikaenda kwa karani mkuu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani. "Ungekuja Machi," akasema, "ningesahihisha kwa mstari mmoja na sahihi yangu. Sasa hata hakimu akiifungua upya, hao ndugu wamehama na mtoto usiku wa jana, bibi kaja asubuhi kutuambia. Hakuna anayejua waliko." Nimesimamishwa kazi.

Jana nilikwenda kwa bibi. Nilimkuta anaanika mashuka ya watu. Mwisho wa kamba palikuwa na kigauni kidogo, kikavu kabisa, ambacho hakukianua. Njiani nilikuwa nimepanga maneno mengi mazuri. Yote yaliniponyoka, nikamwambia tu jambo lilivyokuwa: karatasi, mhuri, kwaya.

Hakunifukuza. Alibana shuka la mwisho, akapangusa mikono, akauliza taratibu, "Siku ile mlikuwa mnaimba wimbo gani?"

Mama, nimekaa na swali hilo tangu jana. Sikumbuki.

Mwanao